"Ni Mawazo Tu": Uhakiki wa Usemi Mmoja wa Hospitalini

Makala haya yanakusudia kuhakiki usemi wa maneno matatu ambao yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali katika Kakamega ameusikia: "Ni mawazo tu." Husemwa mwishoni, baada ya damu kupimwa na picha kupigwa, na karatasi za majibu kurudi zikiwa hazina alama yoyote ya ugonjwa. Mgonjwa aliyekuja akilalamika mgongo, nyonga au tumbo lililomsumbua mwaka mzima huelezwa kwamba mwili wake ni mzima, kwamba kinachomwumiza ni fikra zake mwenyewe, na kwamba akipunguza kufikiri atapona. Sisi si madaktari, wala hatuna nia ya kuwafundisha madaktari kazi yao. Hata hivyo usemi huo ni tungo la lugha kabla ya kuwa hukumu ya tiba, na tungo la lugha ni mali yetu kulichunguza. Rai yetu ni kwamba tungo hili, katika hali nyingi linamotumika, halielezi chochote, bali huficha kwamba maelezo hayajapatikana.

Tuanze na sarufi ya kukanusha. Kiswahili kina njia tatu ambazo mwanafunzi wa darasa la kwanza la isimu huzitofautisha bila taabu: "hatukuona," "hatujaona" na "hakuna." Ya kwanza yaeleza tendo la kutafuta lililokwisha, ya pili yaeleza kwamba mpaka sasa halijaonekana, na mlango umeachwa wazi, ya tatu yahusu dunia yenyewe, si macho ya mtafutaji. Kipimo cha damu na picha ya eksirei vyaweza kumpa tabibu sentensi ya kwanza. Akiwa mwangalifu, vyampa ya pili. Ya tatu haviwezi kumpa hata kidogo, isipokuwa awe amepima kila kitu kinachoweza kupimika, na jambo hilo haliwezekani katika hospitali yoyote, ya Kakamega wala ya London. Lakini mgonjwa hutoka chumbani akiwa amebeba sentensi ya tatu: "Huna kitu." Na kwa kuwa ndani ya "huna kitu" maumivu yamebaki bila mwenyewe, akili ya mgonjwa huitwa ije ijaze nafasi. Kirai "ya kisaikolojia," ambacho kwa haki kingepaswa kuletwa na ushahidi wake chenyewe, huletwa na ukosefu wa ushahidi mwingine. Hakuna taaluma nyingine ambamo tungeukubali mwenendo huu. Mwanaisimu aliyeshindwa kupata asili ya neno katika Kiarabu hana ruhusa ya kutangaza kwamba basi limetoka Kireno.

Neno "mawazo" nalo lina historia yake ndani ya usemi huu. Kwa asili ni wingi wa "wazo," yaani fikira, na mtu mwenye mawazo alikuwa mtu mwenye rai. Katika matumizi ya siku hizi, Kenya na Tanzania pia, "ana mawazo" imekuwa na maana ya kulemewa na wasiwasi au huzuni. Mageuzi ya namna hii ni ya kawaida na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu uko kwenye "tu." Kiambishi cha wakati kingeweza kusahihishwa kesho, lakini "tu" hufunga kesi. Kinasema kwamba mbali na mawazo hakuna la ziada, na tena kwamba mawazo yenyewe si kitu cha kushughulikiwa. Ajabu ni kwamba kinamdhulumu mgonjwa wa aina zote mbili: aliye na ugonjwa wa mwili usiojulikana bado hunyimwa uchunguzi, na aliye na huzuni kubwa huambiwa kwamba huzuni yake ni jambo dogo.

Hata istilahi rasmi haiko salama. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 tumezoea kuyaita "maumivu sugu." Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, na kutoka hapo neno limehamia kwa watu: mkosaji sugu, mdaiwa sugu, mlevi sugu. Twajua sote kwamba kivumishi hakiachi harufu yake nyumbani kinaposafiri. Mgonjwa wa maumivu sugu hukaribia sana kuwa mgonjwa sugu, yaani yule anayerudi kila mwezi na kumchosha muuguzi. Pengine "maumivu ya kudumu" yangefaa zaidi, ijapokuwa hayana ufupi.

Hapa mwandishi hana budi kukiri kosa lake, kwa maana lugha ilipotea mikononi mwake. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka shangazi yangu hospitali moja ambayo haina haja ya kutajwa. Alikuwa amefiwa na mumewe, na tangu matanga mgongo ulikuwa ukimwuma. Tabibu hakujua Luisukha, na shangazi Kiswahili chake ni cha sokoni. Nikawa mkalimani. Shangazi alisema mengi: kwamba huwaka usiku zaidi kuliko mchana, kwamba ni mle ndani na si juu, na kwamba akisimama muda mrefu miguu huwa kama ya mtu mwingine. Mimi, mwalimu wa lugha, niliyageuza yote kuwa sentensi moja: "Ana maumivu ya mgongo, halali vizuri." Tabibu akauliza kama kuna jambo linalomhuzunisha. Nikajibu kwamba amefiwa. Kuanzia hapo mazungumzo yalikwisha, na kwa muda unaokaribia miaka 2 kila tuliporudi tulikuta faili limeshaamua. Picha ya uti wa mgongo ilipopigwa hatimaye, mahali pengine, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi, ilionyesha kifua kikuu kilichokuwa kimekula pingili mbili. Alitibiwa kwa dawa za miezi 12 na akasimama, ingawa kibyongo kidogo kimebaki.

Kisa kimoja si hoja, na msomaji ana haki ya kusema kwamba kwa kila shangazi mmoja wako wengine ambao picha haingeonyesha kitu. Nakubali. Kisa hiki nimekileta kwa ajili ya tafsiri iliyofanyika mle chumbani. Mwilini mwa lugha za Kibantu mna vyombo vya kueleza maumivu ambavyo fomu ya hospitali haina mahali pa kuviweka. Kwanza ni kitenzi chenyewe. Kiswahili "-uma" na Kiluhya "-luma" ni ndugu wa tumbo moja, wametoka katika shina la kale la Kibantu lenye maana ya kung'ata, na Waganda nao husema "omutwe gunnuma," kichwa chaniuma. Mtendaji katika sentensi hizi ni kiungo. Mtu ni mtendwa. "Mguu unaniuma": mguu ndio unaong'ata. Linganisha na "nina maumivu ya mguu," sentensi inayozidi kutumika katika fomu na matangazo ya afya, ambayo kwa muundo wake ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Humo maumivu ni mali, na mtu ndiye mmiliki. Ni rahisi zaidi kumshuku mmiliki kuliko kumshuku mtendwa.

Pili ni viambishi vya mahali. Kiswahili cha wenyewe hutofautisha "hapa panauma," "huku kunauma" na "humu mnauma": pa ile yaonyesha nukta inayoweza kuguswa kwa kidole, ku ile eneo lisilo na mpaka, mu ile ndani. Lugha za Kiluhya zina utatu huohuo, ha-, khu- na mu-. Kwa daktari tofauti hizi ni dhahabu, maana maumivu ya nukta moja juu ya mfupa si sawa na maumivu yaliyotandaa, wala na yale ya ndani. Shangazi alitumia mu- kwa makusudi. Kiswahili changu cha bara, ambacho kimezoea kufanya ku- ibebe mizigo yote, kiliidondosha njiani.

Tatu ni wingi wa vitenzi. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Montreal alitoa hojaji ya maumivu ambayo imetumika duniani kote, yenye maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20. Maneno hayo karibu yote ni vivumishi, kama ilivyo tabia ya lugha hiyo. Anayetaka kuyatafsiri neno kwa neno katika Kiswahili ataona haraka kwamba tuna vivumishi asilia vichache, naye atajikuta akiunda "maumivu ya kuchoma," "maumivu ya kuvuta," na mengine ya ukoo huo, mpaka ukurasa unachosha. Lakini mzungumzaji hana upungufu wowote. Kichwa humwanga au humgonga, jipu humpwita, tumbo humsokota au humkeketa, ubavu humchoma, jeraha la zamani hutoneshwa. Elaine Scarry, katika kitabu chake The Body in Pain cha 1985, alishikilia kwamba maumivu makali huivunja lugha na kumrudisha mtu kwenye kilio. Kwa mtu anayeteswa, ambaye ndiye aliyemfikiria zaidi, huenda ni kweli. Kwa mtu anayeishi na mgongo mbovu miaka 10, twaona kinyume: lugha yake imenolewa kuliko ya msikilizaji wake. Kilichovunjika hapo ni sikio.

Kuna pingamizi moja lenye nguvu, na hatutaki kulikwepa. Mtetezi wa maelezo ya kisaikolojia atasema: lugha hizihizi mnazozisifu hazitenganishi mwili na nafsi. Mswahili aliyetukanwa husema maneno yalimkata maini. Aliyesalitiwa husema roho inamwuma. Uchungu ni wa msiba, ni wa kuzaa, na ni wa shubiri. Je, si dhahiri basi kwamba watu wa huku husema huzuni kwa kinywa cha mwili, na kwamba mgongo wa mjane ni msiba wake uliotafsiriwa?

Hoja inavutia, na imewavutia wengi. Lakini yeyote aliyekulia ndani ya lugha ana kipimo rahisi cha kutenganisha. Mwulize aliyekatwa maini: "Upande gani, wa kulia au wa kushoto? Yanakata zaidi ukiinama? Usiku au mchana?" Atadhani unamdhihaki. Mwulize aliyechomwa ubavu maswali hayohayo, atayajibu moja baada ya moja, na pengine atashukuru kwamba ameulizwa. Nahau haina kulia wala kushoto. Wazungumzaji hawachanganyi mambo haya mawili. Anayeyachanganya ni msikilizaji aliyejifunza kwamba Mwafrika hawezi kusema jambo la nafsi isipokuwa kwa mafumbo ya mwili.

Fundisho hilo lina asili inayofaa kukumbukwa hapa Kenya. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alishikilia kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra miongoni mwa Waafrika, na akathubutu kuilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakisema, kwa maneno yasiyohitaji mkalimani, kwamba wamenyang'anywa ardhi, wakaelezwa kwamba tatizo lao ni la nafsi iliyoyumba kati ya ustaarabu mbili. Wataalamu waliofuata walimkosoa Carothers, na kwa haki. Wakaonyesha kwamba huzuni ipo tele, ila huja imevaa maumivu ya mwili. Marekebisho hayo yalikuwa ya lazima, na wagonjwa wengi wameokolewa nayo. Lakini angalia alipoachwa mkulima wa Butere: kizazi kimoja kilimwambia hana huzuni, na kizazi kilichofuata kikamwambia kila kinachomwuma ni huzuni. Mara zote mbili aliyeulizwa hakuwa yeye.

Historia ya tiba yenyewe inafundisha tahadhari. Susan Sontag, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu maradhi na mafumbo, alionyesha jinsi kifua kikuu kilivyoelezwa kwa tabia na hisia za mgonjwa, kabla Robert Koch hajatangaza bakteria wake mwaka 1882. Karibu nasi zaidi ni vidonda vya tumbo. Kwa miongo mingi vilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wenye wasiwasi, hata mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth, Australia, walipomwotesha bakteria anayeishi tumboni, na Marshall akamnywa mwenyewe mwaka 1984 ili kuwashawishi wenzake. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo twajua kwamba vingi vya vidonda hivyo hutokana na bakteria huyo au na dawa fulani za kutuliza maumivu. Hata hivyo, katika matatu kati ya Kakamega na Mumias bado utasikia mtu akishauriwa aache mawazo, yasije yakampa "ulsa." Nadharia hufa maabara na kuishi barabarani.

Kadhalika tuangalie majina. Ugonjwa ulipozuka katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952, watu waliuita kwa kitenzi cha kujikunja, nalo neno lao, chikungunya, ndilo jina la kirusi hicho duniani leo (vitabu kadhaa hulipa asili ya Kiswahili, si sahihi). Mwaka 1959 ugonjwa unaofanana nao ulianzia kaskazini mwa Uganda na kuingia Kenya na Tanganyika. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, kwa kulegea kwa viungo. Katika Kongo, Wayaka walikuwa na konzo, miguu iliyofungwa, jina la ulemavu wa ghafla ambao baadaye ulihusishwa na sumu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vema. Mara tatu wasemaji wa lugha zetu waliutaja mwili kwa usahihi, na sayansi ikalichukua neno lao kabla au pamoja na sababu. Tena maumivu ya viungo ya chikungunya yaweza kudumu miezi, hata miaka, baada ya homa kwisha. Fikiria mwanamke wa Lamu, ambako ugonjwa huo uliwapata watu wengi sana mwaka 2004, anayekuja mwaka wa pili akilalamika vifundo vya mikono, na vipimo vya kawaida havionyeshi kitu. Ataambiwa nini? Au mtoto wa hapa magharibi mwenye selimundu, ugonjwa ambao katika eneo hili la malaria si wa nadra: maumivu ya mifupa humshika kwa nguvu ya kutisha, lakini kwa nje hana jeraha wala uvimbe, na akiomba dawa kali hushukiwa kujigonjweza. Hao hatuwezi kuwaambia tuna uhakika na akili zao kwa sababu macho yetu hayajaona kitu.

Nisieleweke vibaya kwamba majina ya kienyeji ni matakatifu. Lugha hizihizi hutupa pia "amerogwa," na jirani asiye na hatia hulipia. Ila mganga, japo hukosea, humpa mgonjwa kazi ya kufanya. "Ni mawazo tu" humrudisha nyumbani na lawama.

Tukio la Eregi halina budi kutajwa, kwa kuwa ndilo lililoleta mjadala huu hadi vyumba vyetu vya mihadhara. Oktoba 2023, wanafunzi zaidi ya 90 wa shule ya wasichana ya Mtakatifu Theresa, Eregi, walipelekwa hospitali wakiwa na matatizo ya miguu. Wengi hawakuweza kutembea sawasawa. Sampuli zilichukuliwa, na neno lililotawala hadharani likawa histeria. Si maumivu ya kudumu, na hatudai kwamba jibu hilo lilikuwa la makosa. Magonjwa ya kundi yapo. Kule Kashasha, karibu na Bukoba, mwaka 1962, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio visivyozuilika, na madaktari waliochunguza walitafuta kwanza sumu na maambukizo kabla ya kufikia uamuzi wao. Tunachohoji ni neno lililochaguliwa. Histeria hutokana na jina la Kigiriki la mji wa mimba, na katika masikio ya wazazi waliokuwa wakisikiliza redio ilimaanisha, kwa ufupi, kwamba mabinti wao wanajifanya. Uamuzi wa kisayansi ungeweza kuwa sahihi na tafsiri yake ikawa uongo.

Saikolojia si adui. Tangu nadharia ya lango ya Melzack na Wall ya 1965 inajulikana kwamba ubongo huongeza na kupunguza kile mishipa ya fahamu inachopeleka, na hakuna anayeishi na maumivu ambaye hajaliona hilo katika usiku wa msiba. Ushauri nasaha huwasaidia wenye saratani, wala hakuna anayesema saratani yao imo akilini. Kosa ni kuifanya tiba iwe ushahidi wa chanzo. Jumuiya ya kimataifa ya uchunguzi wa maumivu, iliporekebisha fasili yake mwaka 2020, iliongeza kwamba kauli ya mtu anayesema ana maumivu yapasa kuheshimiwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba ilihitaji kuandikwa.

Wala sisi wahakiki wa fasihi hatuna mikono safi. Kezilahabi aliandika Kichwamaji (1974) ambamo mna mtoto mwenye kichwa kilichovimba, nasi kwa miaka tumekimbilia kumfanya alama ya fikra zilizochafuka za kizazi cha wasomi. Alama ipo, hapana shaka. Lakini ni mihadhara mingapi imesimama kidogo kumtazama mtoto? Tabia ya kuupita mwili ili kufika kwenye maana tumewafundisha wanafunzi wetu, na baadhi yao ndio wakalimani wa hospitalini.

Kuna kazi ambayo idara kama yetu yaweza kuianza bila fedha nyingi. Ikusanywe orodha ya vitenzi vya maumivu katika Luisukha, Luidakho, Luwanga, Lukabras na Kiswahili cha hapa, kutoka kwa wagonjwa wenyewe na wazee, pamoja na viambishi vyao vya mahali, bila kuvigeuza kuwa nomino. Kila kitenzi kiandikwe na maswali yake: wapi, lini, ukifanya nini. Orodha hiyo wapewe wauguzi, ambao wengi wao ni wasemaji wa lugha hizi na huziacha mlangoni wanapovaa sare. Na kwenye fomu, mahali pa majibu ya vipimo, paandikwe "hatujaona."